Kichuguu Kisichopigwa

Simu ilinikuta kwenye gulio la Kumsenga, nimepanga vifuko vya mbegu za mchicha na nyanya chungu juu ya kanga, nabishana na mteja aliyetaka kujua nitamthibitishiaje kwamba mbegu zangu zitaota. Sauti ya mwanamke ilisema, "Dada Yusta, ni mimi Butoyi. Mwalimu Spesioza ametutoka. Tunazika kesho, Makere." Mteja alinisubiri, akaona uso wangu, akasema pole, akanunua bila kuuliza tena. Nilikunja kanga na mbegu ndani yake, nikapanda gari la kuelekea Kasulu, na njia nzima sikulia. Nilikuwa na hasira. Mwalimu Spesioza aliondoka na swali letu likiwa bado liko wazi, na katika dunia nzima hakuna mtu mwingine aliyelijali isipokuwa mimi, muuza mbegu asiye na duka.

Habari za kwetu na nani alinizaa nitaziruka. Hazina tofauti na za wengine. Itoshe kusema niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo sijui kukaa. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimebeba chumvi Uvinza, nimeuza mitumba, nimechunga mbuzi wa watu. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoona nimeshaelewa mambo yanavyokwenda pale, kisha miguu ikaanza kuwasha. Mwaka mmoja tu nilitulia, na nilitulia kwa sababu ya sanduku la vitabu.

Nilikuwa Kibondo mjini, kwenye ghala moja, nikishona midomo ya magunia ya maharage. Mradi mmoja wa watoto ulikuwa unafunga ofisi yake upande wa pili wa barabara, na vitu visivyoingia kwenye magari vilikuwa vinagawiwa kwa aliyewahi. Mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya shule, vyeusi vya kamba, alitoka na sanduku la bati kichwani, shingo ikitetemeka. Alilitua mbele yangu.

"Binti, una nguvu?"

"Ninazo."

"Una kazi?"

"Ninayo, ila imeshanichosha."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Mchana ule tulikuwa juu ya lori la mkaa tukielekea Makere, na kabla hatujafika nilikuwa nimefungua sanduku na kumaliza kitabu cha kwanza. Vilikuwa vitabu vidogo vya watoto, vya Kiswahili, vyenye picha za rangi. Kila kimoja kilisimulia maisha ya mwanamke aliyechunguza viumbe: mmoja siafu, mmoja viwavi, mmoja ndege wa msituni, mmoja mifupa iliyogeuka mawe ufukweni. Majina yao yalikuwa magumu, watoto wa Makere hawakuhangaika nayo. Kabla wiki haijaisha walikuwa wanawaita Mama Siafu, Mama Viwavi, Mama Ndege na Mama Mawe, kama vile wanakaa mtaa wa pili na sisi. Mimi nilivisoma vyote mara mbili. Sikuwahi kujua kwamba mwanamke anaweza kuzurura porini, kukaa chini, kutazama mdudu, na watu wakaiita ile kazi.

Tuliishi vyumba viwili nyuma ya shule. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kitanda changu cha kamba na ndoo ya maji yenye kifuniko cha sufuria. Cha nyuma kilikuwa cha mwalimu, na sanduku lilikaa chini ya kitanda chake. Ukuta wa upande wa kushoto haukufika kwenye bati, na nyuma yake alikaa Mama Riziki, Mkongo aliyeolewa na fundi baiskeli wa pale. Kila tulichosema alikisikia na kila alichokaanga tulikinusa. Asubuhi niliwapikia walimu chai na kumenya mihogo ya wanafunzi, mchana Mwalimu Spesioza aliniingiza darasa la sita niwasomee kwa sauti, kwa sababu koo lake lilikuwa bovu na langu zima. Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyowekwa mawese, na siku za soko vipande vya samaki wa mgebuka, na mimi niliwasha taa mapema nijifunze kusoma kurasa za kesho bila kujikwaa. Ndipo Mama Riziki alipokuwa anaingia kwenye mazungumzo bila kutoka jikoni kwake.

"Mwalimu! Ule Mama Siafu, alikuwa na boyi?"

"Kitabu hakisemi, Mama Riziki."

"Hakisemi! Mutu anakaa chini tangu asubui mpaka mangaribi, anaangaliaka siafu. Sasa sombe inajitwanga yenyewe?"

"Labda hakula kisamvu."

"Basi alikuwa anakulaka nini? Siafu?"

Tulicheka, lakini watoto darasani waliuliza lile lile. Nani alikuwa anamchotea maji? Mama Ndege alipokaa msituni, kuni alikata nani? Mume wake alikubali? Butoyi, pacha mdogo wa nyumba moja iliyokuja zamani kutoka Burundi, msichana mwenye goti lililokuwa na kovu na mdomo usiofungika, aliinua mkono na kuuliza kwa nini anaitwa Mama wakati kitabu hakina picha ya mtoto wake. Mwalimu Spesioza alijibu kwa uvumilivu. Mimi nilianza kukereka, lakini si na watoto. Nilikereka na vitabu. Vyote vilianza na "tangu utotoni alipenda", vikapita kwa watu waliomcheka, vikaishia na mstari ule ule mmoja: hakukata tamaa. Watoto waliupenda mstari ule. Nilipokaribia ukurasa wa mwisho walikuwa wananisubiri, halafu darasa zima linaitikia kama kwaya, hakukata tamaa, na madawati yanapigwa.

Mtihani wa katikati ya mwaka ulifika. Nilikuwa nje ya ofisi ya walimu nikiosha vikombe, dirisha wazi, mwalimu mkuu akisahihisha sayansi. Alikuwa mtu wa haki, mkali, aliyejilipia mwenyewe chaki zilipokwisha. Nilimsikia akisoma kwa sauti: "Swali la tano. Kwa nini mmea uliowekwa gizani hugeuka rangi ya njano? Jibu: kwa sababu umekata tamaa."

Ofisi ililipuka. Mtu alimwaga chai, nikasikia kikombe kikianguka. Mwalimu mkuu alisubiri wanyamaze.

"Si mmoja. Ni nusu ya darasa. Mwalimu Spesi, hivi vitabu vyako ni vizuri kwa maadili. Viende somo la dini. Sayansi iko wapi humu?"

"Watoto hawa walikuwa hawaongei, mkuu. Sasa wanauliza maswali."

"Wanauliza nani alimpikia mzungu. Mtihani wa taifa hauulizi hivyo." Alipunguza sauti. "Nakupa mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Wakipanda, sanduku libaki. Wakishuka, linaingia stoo, na kile kipindi chako cha mchana kinakuwa cha hesabu."

Jioni ile Mwalimu Spesioza hakugusa chakula. Alikaa kwenye kitanda changu na kitabu cha Mama Siafu magotini. Mimi sikujua kunyamaza wakati ule na sijui hata sasa. Nilimwambia mkuu hajakosea. Nilichukua kitabu, nikamwonyesha ukurasa ambapo Mama Siafu yuko na miwani, na maneno yanasema baada ya majaribio mengi aligundua jinsi siafu wanavyofuatana.

"Majaribio gani?" nilimuuliza. "Alifanya nini? Aliweka nini wapi? Vitabu vinatuambia alikuwa jasiri. Havituambii alijuaje."

"Ni vitabu vya watoto, mdogo wangu."

"Ndiyo hao hao watoto wameandika mmea umekata tamaa!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Mwache aseme," Mama Riziki alisema nyuma ya ukuta. "Anasema kweli."

Mwalimu Spesioza alinitazama kwa jicho la mtu anayepima mzigo. "Haya. Wewe uliyeishia darasa la sita, ungetaka kujua nini, na ungejuaje?"

Jibu nilikuwa nalo tangu nina meno ya utoto. Nilitaka kujua habari za kumbikumbi. Huku kwetu kila kichuguu kina mwenyewe, hurithiwa kama shamba, na mvua za kwanza zikinyesha mwenyewe hukipiga. Huchuchumaa pembeni, huweka ubao mkavu juu yake na kuugonga kwa vijiti viwili, mlio mwepesi wa harakaharaka kama matone, mpaka kumbikumbi wanatoka na kuingia kwenye shimo lililofunikwa majani ya mgomba. Kila mtu anajua wanatoka kwa sababu wamepigiwa. Mimi nilitaka kujua kama kweli. Je, wangetoka hata bila kupigiwa? Ili kujua, ungehitaji vichuguu viwili jirani, mvua ile ile, kimoja kipigwe, kingine kiachwe.

Mwalimu Spesioza alianza kula. Alikula ugali wote uliokuwa umepoa, na wangu pia.

Vichuguu viwili vilikuwa kwenye shamba la Mama Nyandwi, mjane aliyepakana na uwanja wa shule. Tulikwenda watatu, mwalimu, mimi na Butoyi kwa niaba ya darasa. Tulisalimiana kwa muda mrefu inavyopasa, tukipiga makofi taratibu na kuulizana habari za kila kiumbe cha nyumbani, ndipo mwalimu alipoeleza.

"Kimoja nisikipige?" Mama Nyandwi aliuliza. "Kimenikosea nini?"

"Hakijakosea, mama. Tunataka kuona."

"Kuona nini? Wasipopigiwa hawatoki. Hilo mngeniuliza tu ningewaambia."

"Ndiyo tunataka watoto wajionee."

"Mna njaa ya kuona, nyie." Alitikisa kichwa, akacheka. "Ego, sawa. Kile cha karibu na uwanja ni chenu. Msije mkasema niliwanyima."

Nikumbukapo wiki zile za kungoja mvua, nadhani ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Darasa lilijigawa lenyewe. Wale wa ubao na wale wa kimya. Butoyi alichagua kimya, jambo lililomshangaza kila mtu. Walijaribu kutabiri. Walibishana kama kucheza mpira karibu na kichuguu ni sawa na kukipiga, wakaamua ni sawa, wakahamisha goli. Hakuna aliyewafundisha kuhamisha goli. Mwalimu Spesioza alisimama dirishani akiwatazama wakivuta zile nguzo, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hicho ndicho alichokuwa anakitafuta tangu atoke chuo.

Mvua ikanyesha mchana, ikapungua, jua likachungulia. Tulitoka mbio. Kwenye kichuguu cha mbali Mama Nyandwi alianza kugonga. Kwenye cha karibu wanafunzi wa kimya walikaa duara, mikono imekunjwa, kama picha ya Mama Siafu, manyunyu yakiwachuruzika mashavuni. Mimi nilikuwa katikati nikitazama huku na huku. Kwa Mama Nyandwi walianza kutoka, wachache, kisha wengi. Kwetu hakuna kitu. Kisha Butoyi aliinua kidole. Kwenye tundu moja palikuwa na kitu kinachong'aa, au tone la maji, hata leo siwezi kuapa.

Ndipo Mama Nyandwi alipogeuka na kuwaona. Watoto wa watu wamekaa mvuani mbele ya kichuguu kilichonyamaza, wakati kwake shimo limejaa. Huruma ilimshika. Aliacha chake, akaja akikimbia na ubao kwapani na vijiti mkononi.

"Yoo! Mnakaa kimya kama mmefiwa! Sogea, sogea niwasaidie!"

"Mama, hapana! Mama, oya!" Butoyi alipiga kelele.

Lakini alishachuchumaa. Alikipiga kichuguu chetu kwa moyo wote, kwa ufundi aliofundishwa na mama mkwe wake, na kumbikumbi walitoka kama moshi. Duara likavunjika. Watoto wale wale waliohamisha goli waliwaangukia kwa viganja na sketi na kofia. Butoyi peke yake alibaki amekaa, analia kwa hasira, na Mama Nyandwi akadhani hajapata, akamjazia mapajani.

Tulijaribu tena msimu ule, kwa katekista, kisha kwa fundi baiskeli mwenyewe. Kote huko tulipoomba kichuguu kiachwe, walikubali kwa adabu. Na kote, mvua ilipofika, mtu mwema alipita, akaona watoto wamekaa bila kupigiwa, akasimama akawapigia. Jioni ya ile siku ya kwanza Mama Riziki alitukaangia kumbikumbi kwa chumvi na kutupitishia sahani juu ya ukuta. Mwalimu Spesioza alikula akiwa amekunja uso. "Ni watamu," alisema, kama anayelalamika kituo cha polisi. "Shida ni kwamba ni watamu."

Mtihani wa mwisho wa mwaka aliutunga mwalimu mkuu, na kwa wema, nadhani, aliweka swali tulilolifanyia kazi: taja sababu inayofanya kumbikumbi watoke kichuguuni. Wengi waliandika kupigiwa. Wachache waliandika mvua, wakapata. Butoyi aliandika hivi, na sitaisahau kwa sababu ilisomwa dirisha likiwa wazi: "Bado hatujui, kwa sababu kile tulichokiacha nacho kilipigwa."

Mkuu aliweka kosa. Mwalimu Spesioza, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti shuleni, aliipaza.

"Hilo ndilo jibu bora katika karatasi zote, mkuu. Bora kuliko la kwako."

"Najua," alisema mkuu. Alisema hivyo kweli, najua, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini anayesahihisha mtihani wa taifa kule juu hatakuja Makere kumuuliza Mama Nyandwi. Ataweka kosa. Na huyu mtoto atarudi nyumbani kushika jembe, akiwa na jibu bora."

Darasa lilikuwa limeshuka, na sanduku liliingia stoo Ijumaa ile. Nililibeba mimi, maana ndiyo kazi niliyoletwa kuifanya. Baada ya hapo kipindi cha mchana kilikuwa cha hesabu, na mimi hesabu sikuwa na cha kusoma kwa sauti. Miguu ikaanza kuwasha. Mwalimu Spesioza alinisindikiza mpaka barabarani akiwa na vile viatu vyake vya kamba, na badala ya kuniaga alisema, "Ukipata mahali watu hawana huruma, kaa hapo, ufanye majaribio." Tukacheka vibaya, kila mmoja akitazama upande wake.

Sikupata mahali hapo. Popote nilipopita msimu wa kumbikumbi, niliomba kichuguu kimoja kiachwe, wakanikubalia, wakakipiga. Mara moja moja nilimpigia mwalimu simu kumwarifu. "Wamepiga?" ilikuwa salamu yake. "Wamepiga," nilijibu, na tulikaa kwenye laini tukisikilizana pumzi mpaka salio likaisha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipofika Makere msibani. Walishamlaza ndani ya jeneza. Presha, Butoyi aliniambia. Alikuwa amepelekwa Kabanga hospitali, akaanza kupata nafuu, kisha akaaga dunia asubuhi. Butoyi sasa ni mshonaji Kasulu, ana wajukuu, kovu la goti bado lipo. Alininong'oneza kwamba sanduku halipo tena. Lilitoboka kutu chini, na vitabu vililiwa na mchwa humo humo stoo. Alisubiri nicheke. Sikuweza.

Tulizika asubuhi na kwaya ikaimba. Baada ya hapo uliingia ukimya ule wa msiba, ambao huku kwetu bado unaheshimiwa: mpaka siku ya kuondoa matanga hakuna jirani anayelima, hakuna anayetwanga, hakuna anayegonga kitu chenye mlio. Wanawake tulikaa mikekani tukichambua maharage. Mchana wa siku ya pili mvua ikanyesha, ya kwanza ya msimu, ikapungua, jua likachungulia.

Niliinuka kabla sijajua kwa nini. Butoyi alinitazama, akainuka naye. Tulitembea mpaka ukingo wa uwanja wa shule. Vichuguu vyote viwili bado vilikuwepo, vimezidi kunenepa. Mama Nyandwi, mzee sana sasa, alikuwa ameketi kibarazani kwake na mikono mitupu, ubao umeegemezwa ukutani, hajaugusa kwa heshima ya marehemu. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Tulichuchumaa, tukakunja mikono.

Walitoka. Kwanza mmoja, akasimama mlangoni mwa tundu akikausha mabawa, kisha wengine nyuma yake wakisukumana, kisha vichuguu vyote viwili vikafuka, bila ubao, bila kijiti, na jua likawapita kwenye mabawa. Butoyi alinishika mkono mpaka ukauma. Nilitaka kukimbia kwenda kumwambia mtu, na mtu huyo tulikuwa tumemzika jana. Halafu nilimsikia kabisa, na koo lake bovu: safari hii hakuna hata kimoja kilichopigwa, mdogo wangu, sasa utalinganisha na nini? Ilikuwa kweli. Nilijua sasa kwamba wanaweza kutoka bila kupigiwa. Kama kupigiwa kunawaongeza au kunawaharakisha, hilo bado sikulijua, na nilitamani kupiga teke kichuguu.

Mama Nyandwi alikuwa amefika kwa mkongojo wake. Alisimama nyuma yetu, machozi yakimtiririka.

"Mmeona? Hawajapigiwa. Wametoka wenyewe kumuaga mwalimu."

"Ni mvua, mama," nilisema. "Wangetoka tu."

"Miaka yote hii nimekaa nao, hawajawahi kutoka hivi. Leo wametoka. Ni yeye."

Butoyi alinitazama, akangoja. Niliona ametega sikio kama alivyokuwa akifanya dawatini.

"Mama Nyandwi," nilisema, "mwaka kesho Mungu akitupa uzima, nije tena. Cha mbali ukipige. Hiki cha karibu ukiniachie, kisipigwe kabisa. Utakubali?"

Alinifuta matone begani kwa kiganja chake, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto.

"Ego, mwanangu, ni chako," alisema. "Wewe uje mapema tu, nitakusaidia kukipiga."